Ua, Lango na Haki ya Kupita

Msomaji, ukishuka garini katika mji wa Naivasha ukaelekea upande wa ziwa, utafika mtaa uitwao Kihoto. Simama hapo kidogo utazame pande zote. Mashariki utaona ukingo mrefu wa Bonde la Ufa ukipanda kwenda Kinangop. Kusini utaona mlima Longonot na kinywa chake kipana. Na ng'ambo ya maji, milima ya Eburu. Kisha shusha macho utazame vilivyo karibu, nawe utaona kitu ambacho hakikosekani kila uendako, yaani ua. Kuna ua wa michongoma, ua wa seng'enge, ua wa mabati, ua wa mawe, na ua wenye nyaya za umeme. Penye ua pana lango, na juu ya lango pana kibao. Kimoja chasema kwamba hapana njia. Kingine chasema gari lisiingie bila idhini. Na kingine chamwonya mpita njia kwa maneno mawili tu, "Mbwa Kali", ambayo mwalimu wa Kiswahili angeyasahihisha, lakini mwizi huyaelewa bila ya kufundishwa.

Huenda umezoea kuviona vitu hivi hata huvijali tena. Lakini kila ua una historia yake, na historia ya nyua za Naivasha na Nakuru ni historia ya nchi yetu kwa ufupi. Katika insha hii nitakueleza jinsi watu wa Bonde la Ufa walivyojaribu, kizazi baada ya kizazi, kuwazuia wasiotakiwa wasiingie katika ardhi zao. Kwanza watu na mifugo, na baadaye magari. Nami nitajaribu kukuonyesha jambo moja ambalo nyakati hizo zote zinalishuhudia: kwamba mpaka na njia ni ndugu pacha. Mtu akiujenga mpaka na kuisahau njia, amejitafutia adui kwa mikono yake mwenyewe.

Kwanza, usidhani kwamba kabla ya kuja kwa seng'enge ardhi hii haikuwa na mipaka. Wamaasai, ambao mifugo yao ilikuwa ikinywa maji ya Naivasha tangu zamani, walikuwa na malisho yaliyotengwa karibu na maboma kwa ajili ya ndama na wanyama wagonjwa. Malisho hayo huitwa olopololi. Ng'ombe wakubwa hawakuruhusiwa kulishwa humo, na mgeni aliyeingiza mifugo yake bila ya kuuliza alijua kwamba amekosa adabu, naye angeitwa mbele ya wazee. Wakikuyu, waliokaa katika milima ya mashariki, walipanda maua ya jamii ya yungiyungi, yaitwayo itoka, kuonyesha mahali shamba la ukoo mmoja linapokwisha na la ukoo mwingine linapoanza. Maua yale yalipandwa mbele ya mashahidi, na mtu aliyeyang'oa usiku alihesabiwa kuwa mwovu. Ua la itoka haliwezi kumzuia hata mbuzi. Lakini liliwazuia watu, kwa sababu wote walikubali maana yake.

Pamoja na mipaka hiyo palikuwa na desturi nyingine iliyokwenda sambamba nayo. Njia kuu, chemchemi, na mahali ambapo mifugo hulamba chumvi havikufungwa na mtu mmoja kwa ajili yake peke yake. Mwenye shamba alilinda mazao yake, lakini hakumzuia jirani asifike majini. Kwa hiyo mpaka ulisema "hiki ni changu", na njia ikasema "nawe una haki ya kuishi". Maneno hayo mawili yakikaa pamoja, amani hudumu.

Mambo yalibadilika upesi baada ya kuja kwa reli. Reli iliyoanzia Mombasa ilipita Naivasha na Nakuru, ikafika Kisumu mwezi wa Desemba mwaka 1901. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imetumia fedha nyingi mno kuijenga, ikataka fedha hizo zirudi kwa nauli ya mizigo. Na mizigo ingetoka wapi kama hapakuwa na mashamba ya biashara? Sir Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna tangu mwaka 1900 hata 1904, aliona kwamba dawa ni kuwaita walowezi wa Kizungu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliwawezesha kukodi ardhi kwa miaka 99, na ile ya mwaka 1915 ikaiongeza miaka hiyo ikawa 999. Mtu aliyekodi shamba kwa miaka 999 hana tofauti kubwa na anayelimiliki daima.

Mnamo Agosti 1904 wakuu wa Wamaasai, Olonana akiwa mmoja wao, waliafikiana na serikali kwamba watu wao watoke katika nyanda za Naivasha na Nakuru, wagawanyike sehemu mbili. Wengine waende Laikipia upande wa kaskazini, na wengine wakae kusini ya reli. Katika mkataba huo mliwekwa mambo mawili ambayo yafaa uyaangalie sana. La kwanza, Wamaasai wabakiziwe maili 5 za mraba katika mteremko wa Kinangop kwa ajili ya sherehe zao za jando. La pili, wapewe njia ya kuziunganisha sehemu zao mbili, pamoja na mahali pa kunyweshea mifugo njiani.

Tafakari jambo hilo la pili. Wazee wale hawakuwa mawakili, lakini waliitambua kanuni ambayo mawakili huisahau. Walijua kwamba ukimgawia mtu ardhi pande mbili, kisha ukaijaza katikati mashamba ya watu wengine, ardhi hiyo haimfai kitu pasipo njia. Ndiyo sababu walidai njia iandikwe, na njia ikaandikwa. Lakini haikupita hata miaka 10. Mwaka 1911 uliletwa mkataba mwingine, na kwa huo Wamaasai wa Laikipia walitakiwa kuiacha nchi ile waliyoahidiwa na kuhamia kusini. Sehemu moja ikiisha kutwaliwa, njia ya kuziunganisha mbili ilikuwa ya nini tena? Parsaloi ole Gilisho, aliyekuwa kiongozi mashuhuri wa Wamaasai wa kaskazini, na wenzake, waliajiri mawakili wakaishtaki serikali. Mwaka 1913 mahakama iliitupa kesi yao kwa hoja kwamba mkataba ule ni kama mkataba wa dola mbili, na kwa hivyo mahakama za nchi haziwezi kuuamua. Basi ikawa hivi: walipohamishwa walitendewa kama raia wa kuamrishwa, na walipodai haki wakaambiwa kwamba wao ni kama taifa la kigeni. Hivyo njia ikafungwa mara mbili, kwanza juu ya ardhi, kisha katika mahakama.

Sasa natuutazame waya wenyewe. Seng'enge haikuzuliwa kwetu. Mkulima mmoja wa jimbo la Illinois katika Marekani, jina lake Joseph Glidden, alipata hataza ya waya wenye miiba mwaka 1874. Kabla ya hapo, mwenye shamba katika nyanda zisizo na miti hakuwa na njia rahisi ya kuzungushia ua, kwa maana mbao zilikuwa ghali na mawe yalikuwa mbali. Waya wa Glidden ulikuwa mwepisi, ulisafirishwa kwa reli, na watu wachache waliweza kuunyosha maili nyingi kwa siku chache. Ng'ombe wakiusukuma, miiba huwachoma, wakarudi. Kitu hicho kidogo kilibadilisha malisho ya Marekani, kikaenea katika makoloni ya Kiingereza, na mwishowe kikaja na walowezi katika Bonde la Ufa.

Yatupasa tuwe waadilifu tunapowahukumu watu wa zamani. Si kila mlowezi aliyezungusha seng'enge alikuwa na nia ya kumtesa mtu. Wengi walikuwa wameleta ng'ombe na kondoo wa kigeni, ambao hawakuwa na kinga ya maradhi ya nchi hii. Lord Delamere, mashuhuri kuliko walowezi wote, alipata hasara kubwa ya mifugo katika shamba lake la Njoro, kabla ya kuyategemea zaidi malisho ya Soysambu kando ya ziwa Elmenteita. Kupe waletao ndigana hawajui hati ya shamba. Ng'ombe wa jirani akipita katika malisho yako, huacha kupe, na baada ya siku chache ng'ombe wako aliyenunuliwa kwa bei kubwa hulala asiamke. Mkulima mwenye josho na fahali wa mbegu bora alihitaji ua, kama mkulima wa leo anavyouhitaji.

Lakini ua wa waya ulikuja pamoja na ua wa karatasi, na huo wa pili ulikuwa mgumu kuuruka kuliko ule wa kwanza. Kuanzia miaka ya 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimika kuchukua kipande, ambacho wengi walikitia katika kikopo cha bati na kukining'iniza shingoni. Familia nyingi zilikuwa zimehamia katika mashamba ya walowezi ya Naivasha na Nakuru, zikilima na kufuga humo kwa kubadilishana na kazi. Wengine walizaa watoto na kuzika wazee wao katika mashamba hayo. Sheria ya mwaka 1918 ilitaka maskwota hao wafanye kazi ya mwenye shamba siku 180 kwa mwaka. Na katika miaka ya 1920 mifugo yao ikaanza kuondolewa kwa nguvu. Watu waliliita tendo hilo kifagio, kwa sababu liliwafagilia mbali mbuzi na ng'ombe kama takataka. Sheria ya mwaka 1937 ikawabana zaidi. Hivyo mtu aliyekuwa amekaa mahali pamoja miaka 20 aliamka siku moja akaambiwa kwamba yeye ni mtu aliyeingia ardhi ya mwenzake. Hakuwa ameuruka ua wowote. Ua ndio uliomjia.

Hasira iliyotokana na mambo hayo ilikuwa miongoni mwa sababu za vita vya Mau Mau, vilivyoifanya serikali kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Kwa ua na kwa kipande watawala walidhani wamepata usalama, na kumbe walikuwa wamekusanya kuni za moto.

Katika miaka ya mwisho ya ukoloni mlango ulifunguka. Kizuizi cha rangi katika umilikaji wa mashamba ya nyanda za juu kiliondolewa, na Uhuru ukaja tarehe 12 Desemba 1963. Mashamba mengi yalinunuliwa, mengine kwa mipango ya serikali na mengine na vyama na kampuni za watu waliochanga fedha zao kidogo kidogo. Shamba moja lililokuwa la mlowezi mmoja likagawanywa kuwa mashamba mamia. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo wanahistoria hulipita mbiombio, nami sipendi ulipite. Yule aliyekuwa akifukuzwa jana, leo alikuwa na hati mkononi. Na kazi yake ya kwanza, baada ya kumshukuru Mungu, ilikuwa kupanda michongoma.

Usimcheke. Mchongoma ni ua wa mtu asiye na fedha za waya. Hupandwa miche karibu karibu, hukatwa mara kwa mara, na baada ya miaka michache hufungamana hata kuku hapenyi. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Na aliyewahi kuiba mahindi akarudi na miiba katika nguo anajua kwamba methali hiyo ina maana zaidi ya moja. Mwenye ekari mbili ana sababu kubwa zaidi ya kujilinda kuliko mwenye ekari elfu. Ng'ombe 10 wakiingia katika shamba la elfu, mwenyewe huenda asijue. Wakiingia katika ekari mbili usiku mmoja, watoto watalala njaa mwaka mzima.

Sheria nayo inamlinda. Sheria ya kuwazuia watu wasiingie ardhi ya wenyewe ilitungwa mwaka 1962, nayo inatumika hata leo. Inasema kwamba ni kosa mtu kuingia au kubaki katika ardhi ya mwingine, au kujenga, kulima au kulisha mifugo humo, bila ya idhini ya mwenye kuikalia na bila ya udhuru wa maana. Tena ni juu ya aliyeshtakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na idhini au udhuru. Yaangalie vizuri maneno hayo, "udhuru wa maana". Hata sheria iliyotungwa kumzuia mpita njia haikuthubutu kumfungia kila mlango. Anayekimbia moto, anayemfuata mtoto aliyepotea, anayempeleka mgonjwa hospitali, huyo ana neno la kusema mbele ya hakimu.

Nimekwisha kukueleza habari za watu na mifugo. Sasa tuje kwa magari, maana gari ni mgeni wa namna nyingine. Mtu wa miguu akikatiza shambani huacha alama ya nyayo, na mvua ya kwanza huifuta. Gari likikatiza huacha mifereji miwili. Udongo wa Naivasha, kwa sehemu kubwa, ni wa majivu ya volkeno za zamani na matope ya ziwa. Ni mwepesi, na ukikanyagwa nyasi zake zikafa, maji huuchukua upesi. Dereva wa kwanza huona kwamba amepita bila ya kuharibu kitu. Dereva wa pili hufuata alama za wa kwanza. Wa tatu, akiona pamekuwa matope, huzunguka kando, akafanya njia ya pili. Mvua ya masika ikija, maji hushika mifereji ile, na baada ya miaka michache palipokuwa malisho pana korongo ambalo ndama huanguka ndani yake. Malori ya mchanga na ya makaa, pikipiki za bodaboda zinazotafuta njia ya mkato, na magari ya watalii yanayoacha barabara ili kumkaribia mnyama, yote hufanya madhara ya namna hiyo.

Wakulima wamebuni njia nyingi za kuyazuia magari hayo, nazo hazihitaji fedha nyingi. Wengine huchimba handaki mahali ambapo magari hupenda kukatiza, na udongo wake wakaufanya tuta upande wa ndani, wakapanda mkonge juu yake. Wengine hupanga mawe makubwa yenye nafasi ya kupita mtu na ng'ombe, lakini gari lisiweze. Wengine huweka gogo lenye kufunguliwa kwa ufunguo. Nawe utaona kwamba walio hodari katika kazi hii huacha mwanya. Hufunga njia ya gari, lakini hubakiza kijia cha mtoto aendaye shule na cha mama aendaye kisimani. Tena huweka kibao chenye kumwelekeza mtu penye njia halali, badala ya kumkataza tu. Mtu anayeonyeshwa njia mara nyingi hana haja ya kuvunja ua.

Tangu siku za ukoloni wenyewe jambo hili lilijulikana. Sheria ya barabara ya mwaka 1920 ilimruhusu mwenye shamba lililozungukwa na mashamba ya wengine kuomba apewe njia ya kupita kwao mpaka barabara kuu. Walowezi walijua kwamba shamba lisilo na njia ni gereza. Kosa lao lilikuwa kuitambua haki hiyo walipokuwa wao wenye kufungiwa, na kutoitambua alipofungiwa mwingine.

Sasa sikiliza habari ya huzuni, ambayo nisingalipenda kuileta mbele ya vijana kama haikuwa na mafunzo. Mwezi wa Mei mwaka 2006, katika shamba la Soysambu, lile lile la kando ya Elmenteita, mwanamume mmoja aliingia pamoja na wenzake na mbwa wa kuwindia. Mtu wa ukoo wa wenye shamba aliwakuta, akafyatua bunduki, na yule mwanamume akafa. Mpigaji alijitetea kwamba aliwalenga mbwa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kosa la kuua bila ya kukusudia, akafungwa. Watu wengi walibishana juu ya kesi hiyo, wengine wakasema adhabu ilikuwa ndogo. Mimi nakuomba ukumbuke neno moja tu. Kuingia ardhi ya mtu bila idhini ni kosa ambalo sheria imeliwekea adhabu yake, na adhabu hiyo hutolewa na hakimu. Haitolewi na mwenye shamba, wala adhabu hiyo si kifo. Ua huonyesha mwisho wa ardhi yako. Hauonyeshi mwisho wa utu wa jirani yako.

Je, basi, hapana ua mwema? Upo. Katika milima ya Aberdare, iliyo mashariki ya Kinangop, ulianza kujengwa ua wa umeme mwaka 1989. Ulikamilika mwaka 2009, ukiwa na urefu wa kilometa 400 hivi, na kuuzunguka msitu. Mwaka 2014 ukamalizika mwingine kuuzunguka msitu wa Eburu, huo unaouona ng'ambo ya ziwa ukisimama Kihoto. Nyua hizo zina kazi mbili kwa pamoja: huwazuia tembo na nyati wasitoke kula mazao ya wakulima, na huwazuia wakata miti na wachoma makaa wasiingie na magari yao msituni. Wakulima wanaopakana na misitu hiyo walishirikishwa katika kazi, na malango yakaachwa ili watu wapite kwa utaratibu. Aliyekuwa akikesha akipiga debe kumfukuza tembo huulinda ua huo kwa moyo wake, kwa kuwa unamlinda yeye. Hapo tena umerudi kwenye ua la itoka: nguvu yake haimo katika waya peke yake, imo katika mapatano.

Na sasa turudi Kihoto, maana hapo ndipo tulipoanzia. Kuna mwingiaji mmoja ambaye hakuna ua, wala kibao, wala mbwa awezaye kumzuia. Huyo ni ziwa lenyewe. Ziwa Naivasha hupanda na kushuka. Kuna miaka linajivuta mbali na kuacha ardhi nyeusi yenye rutuba, na kuna miaka linarudi kuidai. Kwa ajili hiyo, mwaka 1933 serikali na wenye mashamba ya kando ya ziwa walifanya mapatano. Mpaka uliwekwa katika kimo cha futi 6,210 juu ya bahari, karibu mita 1,893. Chini ya mpaka huo wenye mashamba waliruhusiwa kulima na kulisha mifugo maji yanapoondoka, lakini wasijenge majengo ya kudumu. Ulikuwa mpaka wa hekima, kwa maana ulimpa ziwa naye njia yake ya kupita.

Lakini watu husahau. Karibu na mwaka 2009 ziwa lilikuwa limepungua sana. Ardhi iliyobaki wazi ilivutia macho, na mji ulikuwa ukikua kwa ajili ya kazi za mashamba ya maua. Kisha maji yakaanza kupanda. Mwaka 2020 yaliingia Kihoto, yakajaza nyumba, na familia nyingi zikahama zikibeba magodoro na mabati. Mwaka 2025 yakarudi tena, na watu wakavushwa kwa mashua mahali walipokuwa wakipita kwa miguu. Nyua za mabati zilisimama katikati ya maji zisizuie kitu, na viboko wakaogelea penye malango. Waliopata hasara hawakuwa matajiri. Wengi wao walikuwa wafanyakazi na wachuuzi waliotafuta mahali pa bei nafuu. Tuwahurumie, na tena tujifunze: aliyeifunga njia ya mtu atakutana na mtu, na aliyejenga juu ya njia ya maji atakutana na maji.

Msomaji kijana, baada ya miaka si mingi wewe nawe utakuwa na ardhi, kubwa au ndogo, au utakuwa mwenye kupima, kuuza au kuhukumu ardhi za wengine. Katiba ya mwaka 2010 inalinda mali ya kila mtu katika kifungu cha 40. Na katika kifungu cha 60 inataka watu wote wapate nafasi sawa ya kuifikia ardhi, na magomvi ya ardhi yaamuliwe kwa mashauri ya wenyeji. Vifungu hivyo viwili visitenganishwe. Panda ua wako, nyosha waya wako, chimba handaki lako kama malori yanakuharibia malisho. Hiyo ni haki yako, na asiyelinda chake hawezi kulaumu wengine. Lakini kabla ya kukaza msumari wa mwisho, zunguka mpaka wako kwa miguu. Uliza: ni nani aliyekuwa akipita hapa kabla yangu, na sasa atapita wapi? Ukiwa na jibu, ua wako utakaa. Ukiwa huna, utahitaji mlinzi, na mlinzi atahitaji mlinzi.

Jina la mtaa ule lina maana katika lugha ya Wakikuyu. Kihoto ni haki iliyothibitishwa kwa hoja, ile kweli ambayo mtu akiisema barazani, mshindani wake hunyamaza. Wazee wa lugha hiyo husema kwamba hoja ya haki huvunja hata upinde uliokwisha kuvutwa. Ukipita Naivasha siku moja ukaziona nyua zile, likumbuke jina hilo.